Singapore kwa mfuko mwembamba: penye ughali na penye nafuu

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za Asia, na wengi wanaonijia ni vijana wenye begi moja mgongoni na pesa za kuhesabu. Nikitaja Singapore wananikatiza: huko ni kwa matajiri. Nawaelewa. Chumba cha hoteli ya kawaida kinaweza kukutoka dola 150 za huko kwa usiku mmoja, na dola hiyo imekuwa ikicheza karibu na shilingi 100 za Kenya.

Lakini ughali wa mji ule haukuenea sawasawa. Ghali ni kitanda, pombe, teksi na mkahawa wenye kiyoyozi. Chakula cha kila siku, treni, basi, maji na bustani viliwekwa kwa ajili ya wenyeji, ambao karibu wanane kati ya kila kumi wanaishi kwenye nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali. Mgeni akipita anapopita mwenyeji huyo, hulipa anacholipa mwenyeji huyo. Mipango yangu yote naijenga juu ya hilo.

Nianze na tumbo, maana hapo ndipo pesa za wengi huvuja. Zamani wachuuzi wa chakula walipikia kando ya barabara, kama mama ntilie wetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwaandikisha, ikawahamishia kwenye kumbi zenye maji ya bomba, mifereji na meza za pamoja. Kumbi hizo huitwa hawker centre, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Maxwell, Old Airport Road, Chinatown Complex, Tekka: popote kati ya hapo sahani ya wali na kuku huipata kwa kama dola 5, na unashiba.

Kuna adabu zake. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza, meza hiyo ina mwenyewe, amekwenda kupanga foleni, tafuta nyingine. Ukimaliza kula, rudisha trei yako, kwani tangu 2021 kuiacha mezani ni kosa la kutozwa faini. Kwa Mwislamu, angalia cheti cha halali kwenye kibanda. Trei za halali zina rafu yake ya kurudishia. Kwenye kumbi za Geylang Serai na Tekka hutahangaika kutafuta chakula cha halali.

Asubuhi zangu nyingi huanzia Tekka, mtaa wa Little India. Naagiza prata mbili. Mpishi huchukua donge lililolowa mafuta, hulirusha na kulizungusha hewani mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kuona mkono wake upande wa pili, halafu hulikunja na kulilaza juu ya chuma cha moto. Ni ndugu wa chapati yetu, ila matabaka yake yanaachana yenyewe ukiligusa kwa kidole. Huja na bakuli dogo la mchuzi wa dengu. Pembeni naweka teh halia, ambayo mtu wa Mombasa ataitambua kwa harufu tu: chai ya maziwa na tangawizi. Vyote havifiki dola 6. Jifunze neno moja la Kimalei, kosong, maana yake tupu. Prata kosong haina kitu ndani, na kopi-o kosong ni kahawa isiyo na maziwa wala sukari.

Linganisha na mkahawa mmoja wa kando ya mto nilioingia mwaka jana kwa sababu ya mvua. Menyu ilisema dola 20, na pembeni alama mbili za kujumlisha. Bili ikaja dola 23 na senti 98. Alama ya kwanza ni asilimia 10 ya huduma. Ya pili ni kodi ya mauzo, ambayo tangu 2024 ni asilimia 9, na hupigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa huduma. Ukiziona alama hizo, piga hesabu kabla hujavuta kiti.

Kulala hakuna ujanja mkubwa. Usitegemee kukodi chumba cha mtu kwa siku chache, kwani sheria inakataza kupangisha nyumba ya binafsi kwa muda usiofika miezi mitatu. Chukua kitanda katika hosteli za Little India, Chinatown au Kampong Glam, na uepuke wiki ya mbio za Formula 1, ambapo bei hupanda vibaya. Mwaka Mpya wa Kichina nao hufunga vibanda vingi vya chakula. Fomu ya kuwasili hujazwa bure kwenye tovuti ya serikali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Tovuti inayokudai malipo iache. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani.

Treni na basi hulipiwa kwa kugusisha kadi ya benki, na safari ya kuvuka mji haizidi dola 3. Kwenye basi gusisha pia unaposhuka. Ukisahau, utakatwa nauli ya mpaka mwisho wa njia. Chupa ya maji jaza bombani, maji yake ni salama.

Mambo ya kutazama bure ni mengi kuliko siku zako. Bustani ya Mimea iliyoanzishwa 1859 hailipiwi, na miti mikubwa ya chuma ya Gardens by the Bay huwaka taa na muziki kila usiku bila tiketi.

Lakini nikiwa na alasiri moja tu, nakwenda Kampong Glam, mtaa wa zamani wa Wamalei na Waarabu. Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut waliovuka bahari kuja Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa na ndugu zao waliokwenda upande huu, na majina kama Alsagoff na Aljunied bado yapo kwenye vibao vya mji. Simama nje ya Msikiti wa Sultan, uinue macho mpaka chini ya kuba la dhahabu. Kuna mkanda mweusi unaong'aa. Ni vitako vya chupa za kioo, vilivyopangwa kimoja kimoja. Jengo hili lilipokuwa likijengwa, kabla ya kukamilika mwaka 1932, Waislamu maskini wasio na pesa za kuchangia walileta chupa. Nenda nje ya saa za swala, umejisitiri. Kuingia ni bure.