Kioo hakijafa mdogo wangu: tunavyodanganyana kuhusu skrini kwenye kuediti video

Mi naediti harusi, sendofu, video za kwaya na misiba hapa Mbeya, kiofisi changu kipo upande wa Mwanjelwa, na karibu kila wiki anaingia mtu na laptopu kwapani amekunja sura, "kaka skrini imezingua". Ukimuuliza inazinguaje anakujibu kitu alichoambiwa na fundi, au na rafiki wa fundi, na mara nyingi si kweli. Nimeamua niziandike hizi dhana maana watu wanapoteza hela jamani.

Dhana ya kwanza na ndo kubwa kuliko zote: picha ikiwa nyeusi basi kioo kimekufa.

Kuna dogo alikuja kutoka Tukuyu mwaka huu, anatumia Premiere Pro, programu ya kuediti video, kile kidirisha kinachoonyesha video kikawa cheusi tii, sauti inasikika, taimulaini (ule mstari unaopanga klipu) inatembea, ila picha hamna. Fundi mmoja akamwambia kioo kimekwisha, wakabadilisha, hela ya sendofu nzima ikaenda pale. Akarudi nyumbani akawasha, akafungua ile ile projekti, cheusi vile vile. Sasa jiulize tu kidogo, menyu anaziona, saa pale chini anaiona, picha ya nyuma ya Windows anaiona, kioo kitakufaje kwa umbo la kidirisha kimoja? Kioo hakijui hata kama umefungua Premiere, kinawasha vidoti kama kilivyoambiwa na kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha, basi.

Shida ilikuwa programu na kadi ya grafiki haziongei vizuri. Unaingia kwenye mipangilio ya projekti, sehemu ya jumla, unakuta sehemu ya kuchagua nani afanye kazi ya kuchora picha, unahamisha kutoka kwenye GPU (ndo hiyo kadi ya grafiki) unaweka ile iliyoandikwa Software Only. Hapo prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya yenyewe, inakuwa taratibu kama daladala inapanda mlima, ila picha ikirudi umeshajua mgonjwa ni nani: draiva ya kadi (kiprogramu kinachoiunganisha na Windows), au kadi yenyewe haikidhi toleo la programu ulilonalo. Unaweka draiva sahihi, unarudisha GPU, kazi inaendelea. Dogo tulimaliza kwa dakika ishirini na nyingi zilikuwa za kusubiri bando lishushe draiva. Akarudi kwa fundi kudai kioo chake cha zamani akaambiwa kimeshafungwa kwenye mashine ya mtu mwingine, na kinawaka vizuri tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia fanya hivi. Ukiona mistari, madoa, vibox vya rangi rangi, kitu chochote cha ajabu, piga skrinshoti alafu itume kwenye simu WhatsApp uiangalie huko. Ile mistari ikionekana na kwenye simu, basi kioo hakina kosa, maana skrinshoti haipigwi na kioo, tatizo liko kwa kadi, draiva, programu au video yenyewe. Kwenye simu ikiwa safi na kwenye laptopu bado mistari ipo, hapo sasa mtilie shaka kioo au ile kebo yake inayopita kwenye bawaba. Funika na kufunua kifuniko taratibu, mistari ikicheza unavyosogeza, hiyo ni kebo. Una tivi yenye HDMI? Chomeka, tivi ikionyesha vizuri na laptopu haionyeshi, umepata jibu. Na ukizima ukawasha, mistari ikawepo hata kabla Windows haijaanza, hapo ndo uongee na fundi mambo ya vifaa, sio programu.

Dhana: "Mbeya baridi bana, laptopu haiwezi kuchemka."

Hii ni ya kwetu kabisa, Dar hawana. Nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa, Njombe ndo usiseme. Mtu mwezi wa sita au wa saba kajifunika blanketi, laptopu iko juu ya blanketi hilo hilo, anarenda (yani kompyuta inatengeneza video ya mwisho) video ya saa mbili, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu inarudi, inapotea tena, anasema ni umeme. Kaka, chipu ya grafiki ikifanya kazi nzito inafika nyuzi 80 na kitu bila kujali nje kuna ukungu wala nini. Baridi ya chumbani inasaidia pale tu hewa inapoweza kuingia, na wewe umeziba matundu kwa blanketi. Tena tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, yani feni ikizunguka ile ile inabeba hewa pungufu ya kupoza. Sio kwamba mashine italipuka, ila usijidanganye kwamba uko kwenye friji.

Alafu vumbi, wa barabara za vumbi wanajua. Linajikusanya kwenye feni na kwenye vile vyuma vya kupozea mpaka linakuwa kama pamba. Chipu ikichemka inapunguza kasi yenyewe, video inaanza kukwama kwama, ikizidi draiva inaganda. Windows ikiona kadi haijajibu kwa sekunde 2 inaiwasha upya yenyewe, ndo ile skrini kuzima na kurudi mnayoita umeme. Ukitaka kuiwasha upya kwa mkono, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, skrini itapepesa na mlio mdogo, inatoka kwenye mgando bila kuzima mashine, ila kama joto ndo chanzo itarudia tu. Safisha feni, weka laptopu mezani, kitu kigumu chini.

Baridi ina kasoro yake ila ni nyingine. Ukitoka Makete na mashine imepoa kama jiwe ukaingia chumba chenye joto na watu wengi, unyevu unaweza kuganda kwenye vyuma kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Iache kwenye begi ipate joto taratibu ndo uwashe.

Dhana: ongeza RAM, kila kitu kitapona

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, inasaidia, sikatai, GB 8 kwa Premiere ni ya kuokoteza na 16 ndo unapumua kwa HD. Ila kama picha inakata kata kwenye kidirisha na huku una 16 tayari, kuongeza ingine ni kumnunulia viatu mtu mwenye njaa. Mara nyingi mzigo uko kwenye faili. Video za simu zinabanwa sana ili zisijaze simu, prosesa lazima izifumue frimu kwa frimu, yani picha moja moja, kila unapobonyeza cheza. Shusha ubora wa kuangalia uwe nusu au robo, pale pale chini ya kidirisha, haigusi video utakayotoa mwishoni (watu wanaogopa hii bure tu). Ikigoma bado tengeneza proksi, yani nakala nyepesi za klipu, unaediti na nakala, ukitoa video programu inarudi kwenye faili halisi. Harusi ya kamera tatu za 4K nimeediti hivyo kwenye laptopu ambayo ukiiona utanionea huruma.

Dhana: laptopu ina kadi ya NVIDIA kwa hiyo programu inatumia NVIDIA. Hapana. Laptopu nyingi zina kadi mbili, ndogo ya Intel au AMD iliyomo kwenye prosesa na ile kubwa, na ili kutunza chaji Windows inaweza kuipa programu yako ile ndogo, we unalalamika kadi mbovu kumbe imelala. Nenda mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, alafu grafiki, itafute programu yako uipe utendaji wa juu. Na chomeka chaji, kwenye betri mashine nyingi zinaibana kadi, kwa hiyo umeme ukikatika ukaendelea na betri usishangae mambo kuwa mazito ghafla. Kwa wenye kompyuta ya mezani angalieni waya wa monita umechomekwa wapi, nimemkuta jamaa Iringa, Kihesa huko, kanunua kadi ya maana kabisa na waya wa HDMI kauchomeka kwenye tundu la bodi, juu kabisa, kadi iko chini inamwangalia tu.

Draiva mpya sio lazima iwe bora. NVIDIA wana za aina mbili, moja ya wacheza gemu inatoka mara kwa mara na nyingine inaitwa Studio, hiyo ndo ya watu wa kazi zetu. Kama skrini imeanza kuzingua siku ile ile uliyosasisha, rudisha ya zamani, hamna aibu.

Paneli, vile vidirisha vya Premiere, zimepotea zote umebaki na taimulaini peke yake? Usifute programu! Umegusa kile kitufe chenye kialama cha wimbi chini ya Esc, kinakuza paneli iliyo chini ya mshale. Kibonyeze tena. Maandishi madogo kama dawa ya chawa au yana ukungu, hiyo ni asilimia ya ukuzaji kwenye Windows, 100, 125, 150, jaribu kubadilisha. Skrini nyekundu yenye maandishi ya lugha nyingi? Faili limehamishwa au umechomoa flashi, liunganishe upya. Sauti ipo picha hamna kwa video ya iPhone, ni HEVC hiyo, namna ya kubana video, iPhone zinaitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, igeuze kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, iwe H.264, namna nyingine ya kubana.

Sasa kuna hii moja inaniuma kwa sababu imewatia hasara watu wengi: mistari myeusi inayopanda au kushuka kwenye video, wanasema skrini inacheza.

Ichukue hiyo video uicheze kwenye simu. Mistari ipo? Basi iliingia ukumbini siku ile ile, hamna monita wala draiva itakayoitoa. Umeme wetu ni wa 50Hz, yani mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi hasa tyubu na zile LED za bei chee zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukiweka shata (muda kamera inadaka mwanga kwa kila frimu) 1/60 ya sekunde kama walivyozoea Marekani ambako umeme ni 60Hz, kila frimu inadaka taa ikiwa kwenye hatua tofauti, ndo mistari inatembea. Weka 1/50 au 1/100 na frimu 25 kwa sekunde, na kwenye kamera chagua 50Hz au PAL, mfumo wa video unaoendana na umeme huo. Simu nayo kwenye hali ya kitaalamu inakubali.

Na ukumbi ukiwa kwenye jenereta kazi ipo. Vijenereta vya kawaida 50Hz yake inategemea injini kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, muziki ukipandishwa na majokofu yakiwaka injini inalemewa, mzunguko unashuka, na ile hesabu yako ya shata inaharibika katikati ya keki. Hapo mi huwa nazungusha shata taratibu huku naangalia kwenye kioo cha kamera mpaka mistari itulie, alafu naomba Mungu di-jei asiongeze sauti. Kwenye kuediti kuna programjalizi za kupunguza hiyo mipepeso, zinasaidia kidogo, ila usimwahidi mteja.

Mwisho rangi. Wengi mnaamini unachokiona kwenye skrini yako ndo atakachokiona mteja, mkikuta tofauti mnasema simu yake ni feki. iPhone kuanzia 12, ya mwaka 2020, zinarekodi HDR, video yenye mwanga mkali kuliko ya kawaida, ukiiweka kwenye taimulaini ya kawaida nyeupe inaungua, shela la bibi harusi linakuwa kama taa. Zima HDR kwenye simu kabla ya kurekodi, au ndani ya Premiere ichague klipu uiambie programu izisome rangi zake kama Rec. 709, yani rangi za video ya kawaida, alafu upunguze mwanga kwa mkono.

Ila kuna kosa jingine dogo ambalo mi mwenyewe nimelifanya, sio mteja wala simu. Windows ina kitu cha usiku kinachofanya skrini iwe ya njano njano ili macho yasiumie, ukikipa ratiba kinajiwasha jioni chenyewe. Nilikuwa na video ya kwaya ya huko Uyole, nimeediti usiku kucha, naona majoho yana unjano, nikawa nasukuma rangi kuelekea bluu mpaka nikaridhika, nikatuma. Asubuhi saa mbili mama mwenyekiti wa kwaya akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Video tumeiona, sauti nzuri kabisa, ndaga fijo. Ila majoho yetu si meupe? Mbona humu tumevaa ya bluu?"

Nikamwambia nisubiri mpaka jioni mama. Nikakizima kile kitu, nikafuta rangi zote nikaanza upya, mchana.