Je, wajua kwa nini vipuri mchoroni huelea hewani?

Fungua kitabu cha spea cha pikipiki ya bodaboda, ukurasa wa klachi: springi huku, sahani kule, nati peke yake hewani. Wengi hudhani hiyo ni picha ya mashine iliyofunguliwa, sawa na vyuma ambavyo fundi wa soko la Kisekka, Kampala, huvitandaza juu ya gunia. Sivyo. Vyuma vya guniani vimeshapoteza mahali pao. Vya mchoroni bado vinapakumbuka: kila kimoja kimevutwa kwa kufuata njia ileile kinayoingilia, wala hakuna kilichompita mwenzake.

Chukua shanga zilizotungwa uzini. Ukiziachanisha bila kukata uzi, kila moja itaonekana peke yake, na zamu yake itabaki vilevile. Mchoroni, uzi huo ni ule mstari mwembamba wa vikato unaopita katikati ya vipuri. Kwenye klachi ndipo faida yake inapoonekana wazi, maana sahani za msuguano na sahani za chuma hupishana moja moja. Zikifuatana mbili za aina moja, nyuso zinazosuguana hupungua na klachi huweza kuanza kuteleza.

Nafasi iliyoachwa kati ya vipuri nayo isikudanganye, kwani si kipimo cha chochote. Mchoraji huiongeza hadi kila kipande kionekane. Ukubwa wa vipuri ndio wa kuangalia: michoro mingi ya aina hii ni ya isometriki, ambamo kitu cha mbali hakipungui, hivyo bolti ya nyuma unaweza kuilinganisha na ya mbele.

Mbinu yenyewe ya kuachanisha vipuri mchoroni ni ya zamani. Imo katika daftari za Taccola, mhandisi wa Siena, Italia, karne ya 15, kabla Leonardo da Vinci hajaiboresha.

Kinachonivutia zaidi ni zile namba zilizo kando ya vipuri mchoroni. Kila moja hukupeleka kwenye jedwali lenye namba ya kuagizia na idadi inayohitajika. Fundi wa Arua anayezungumza Kiswahili na muuzaji wa Kampala aliyezoea Kiganda huweka kidole kwenye namba ileile, na spea sahihi ikapatikana.

Ila mchoro huo kwa kawaida hausemi bolti ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Hilo litafute katika kitabu cha matengenezo kabla hujashika spana.