Betri kwenye kifurushi cha nje ya nchi: yanayosemwa na yalivyo

"Kitu chenye betri hakipokelewi posta." Kinapokelewa, ilimradi betri imo ndani ya chombo chenyewe. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu betri za lithiamu zilizofungwa ndani ya kifaa, zisizozidi seli nne (seli ni kijibetri kimoja; zikiunganishwa huunda betri) au betri mbili kwa kifurushi. Za kuchajika zina kikomo cha Wh 20 (wati-saa, kipimo cha nishati) kwa seli na Wh 100 kwa betri. Ila posta inayotuma iwe na kibali cha mamlaka yake ya usafiri wa anga, na nchi inayopokea iwe inazikubali. Ulizia hayo mawili kaunta kabla hujapokea oda.

"Betri ya akiba naiweka pembeni ya kamera, boksi ni lile lile." Hapa ndipo wauzaji wengi wanakwama. Betri iliyo kando ya kamera, hata ikiwa pacha wa ile iliyomo ndani, posta ya kimataifa haiichukui. Itoe, au tafuta kampuni ya usafirishaji inayobeba mizigo hatarishi.

"Pawabenki nayo ni chombo." Sivyo. Kazi yake ni kuchaji kitu kingine, basi inahesabiwa betri tupu, UN3480, yaani namba ya kimataifa ya betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake bila kifaa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 kundi hilo haliruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo chaji isizidi asilimia 30. Ukali huu una sababu: Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya usafirishaji ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki.

"Wh hesabu yake ni mAh mara volti 5 za USB." mAh ni kiasi cha chaji kinachoandikwa kwenye betri, na volti zinazotumika ni za seli, kwa kawaida 3.7. Spika yenye seli moja ya mAh 5,000: gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7, unapata Wh 18.5, iko chini ya kikomo cha Wh 20, inaruhusiwa. Ukitumia 5 unapata 25, na mzigo halali unaukataa mwenyewe.

"Andika 'zawadi', hawatajua." Eksirei inaiona betri, na kifurushi kitarudishwa au kuharibiwa, gharama juu yako. Kwenye CN22, fomu ya forodha inayobandikwa kwenye kifurushi, andika wazi: spika ya Bluetooth, betri ya lithiamu-ioni ndani, Wh 18.5.

"Nimekizima, yatosha." Tochi yenye kitufe laini hujiwasha ikibanwa na mizigo mingine, ikapata joto masaa mazima. Funika kitufe kwa kipande cha kadibodi ngumu, kisha jaza boksi mpaka tochi isicheze.

AA za alkali hazina lithiamu, kwa hiyo vikomo hivyo havizigusi. Ziba tu ncha zake kwa selotepu zisigusane. CR2032, japo ndogo kama kitufe cha shati, ni lithiamu. Betri iliyovimba haipandi ndege kwa namna yoyote, hata ikiwa ndani ya simu.