Sayanotaipu Ikigeuka Kijivu Haijaungua
Uani kwa nyumba ya mawe ya Lamu, mwanafunzi wa sayanotaipu, yaani picha ya buluu inayochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa na kuwekewa kitu kama jani juu yake, huona karatasi imeingia buluu juani, akaikimbiza majini "isiungue". Hapo ndipo anapoiharibu. Subiri sehemu zisizofunikwa na jani zipite buluu, ziwe kijivu chenye rangi ya shaba. Kwa jua la saa sita ni kama dakika 5 hadi 10. Ukiitoa mapema, dawa ambayo haijashika huondoka na maji, picha ikabaki hafifu.

Dawa yenyewe: gramu 25 za amonia feri sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa, paka mbali na jua, acha ikauke kabisa. Karatasi yenye unyevu hutia madoa.

Osha hadi umanjano uishe. Maji ya kisima yenye chokaa huila buluu, kwa hiyo kinga maji ya mvua au tia siki kidogo. Wala usiiegemeze kwenye ukuta wa chokaa, hata kidaka cha ukutani kikipendeza vipi! Ikishaoshwa, kijivu hugeuka buluu, nayo hukolea ikikaa hewani siku nzima.