Nani amekula umeme? Dhana potofu za LUKU na ukweli wake

Nyumba yetu ya Mbagala ina vyumba sita na mita moja. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kutumia kikokotoo cha simu bila kugombana nacho, nilipewa kazi ya kukusanya hela ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Tangu hapo nimesikia maneno yote anayoweza kusema mtu aliyelala gizani.

"Ukinunua tarehe moja wanakukata yuniti."

Hili ndilo lenye ugomvi mkubwa, maana lina nusu ya ukweli. Majuzi chumba cha mbele kilitoa elfu kumi, zikaja yuniti 23.9. Siku nne baadaye chumba cha pili kikatoa elfu kumi ileile, zikaja 28. Nikaitwa uani kujieleza, na ndoo za kufulia zikasimama. Nikafungua meseji ya tokeni, nikawasomea mstari mmoja mmoja mpaka tukafika kwenye kodi ya jengo: 1,500.

Kodi hiyo ilianza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, uwe umenunua tarehe 1 au 19. Ukiruka mwezi, deni linakusubiri. Wazee bado wanaiita "sevisi chaji", lakini ile ilifutwa 2016. Na hii ni kodi ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Sisi tumeelewana naye tunaitoa kwenye pango.

Iliyobaki ni hesabu ya kugawanya. Yuniti kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati) asilimia 1, inafika kama 356. Gawa elfu kumi kwa hiyo, unapata 28. Kwa hiyo aliyetoa hela ya kwanza ndiye aliyewalipia wenzake kodi, na siku hizi ile 1,500 tunaichanga vyumba vyote sita.

"Kijijini umeme wao ni wa bei ya chini."

Kilicho rahisi kijijini ni kuunganishiwa: 27,000, wakati mjini umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, ni 320,960. Yuniti yenyewe haiulizi unakaa Mkuranga au Kariakoo. Ile bei ya shilingi 100 ni ya mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. Akizidi, zile za juu anauziwa 350 kabla ya makato. Vyumba sita kwenye mita moja tusahau. Wengine hudhani REA ndiyo inayouza umeme huko. REA inagharamia kupeleka nguzo na nyaya vijijini, na ile asilimia 3 yetu ndiko inakoelekea. Anayeuza ni TANESCO.

"Mita inakimbia yenyewe."

Mara chache kuna tatizo kweli, ila lipime kabla ya kulalamika. Chomoa vifaa vyote, zima taa zote, kisha tazama kitaa cha mita kinachopepesa. Kama bado kinapepesa, zima swichi kuu. Kikitulia hapo, umeme unavuja kwenye nyaya za ndani. Tafuta fundi mwenye leseni. Kikiendelea, toa taarifa ofisini. Usimwite kishoka, yule fundi wa mtaani asiye na kibali, "aipunguze kasi". Kuchezea mita ni kosa la jinai, na moto ukiwaka hautachagua chumba chake.

"Chaji za simu ndizo zinatumaliza."

Masikini chaji! Simu moja ikichajiwa kila siku, mwezi mzima haifikishi yuniti moja. King'amuzi kinachovuta wati 10, kikiachwa usiku na mchana siku 30, kinakula yuniti 7.2. Taa ya uani ilikuwa ya zamani, wati 60, ikiwaka saa kumi kila usiku: yuniti 18 kwa mwezi. Tuliweka ya LED ya wati 9, ikashuka hadi 2.7. Hakuna aliyenishukuru.

"Kupikia umeme ni anasa."

Inategemea chombo. Jiko la koili, nakubali. Ila presha kuka ya umeme inajizima na kujiwasha yenyewe, na chungu cha maharage yaliyolowekwa hakifikishi yuniti moja, yaani chini ya shilingi 356. Linganisha na mkaa unaonunua kwa kopo.

Lililobaki ni friji. Jirani yangu wa chumba cha nne anauza barafu, na alikuwa akiapa kwamba friji lake "halili kitu". Nikamwomba afungie noti ya elfu mbili mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikaivuta kwa vidole viwili, ikatoka kama imepakwa mafuta: mpira wa mlango umechoka, baridi inatoka na injini hailali. Tukalisogeza pia, maana lilikuwa limebanwa ukutani kwa nyuma, halipati hewa.

Mpira mpya ameshanunua. Noti yake ya elfu mbili naye hajasahau kuidai.