Upendeleo wa uthibitisho ni nini?

Upendeleo wa uthibitisho ni mwelekeo wa akili kutafuta, kukumbuka na kutilia uzito mambo yanayoafiki kile ambacho mtu anakiamini tayari, na kuyapita yale yanayokikanusha. Si uongo, wala si ukaidi. Mtu mkweli kabisa anaweza kuwa nao.

Chukua usemi unaosikika nchi nzima kuhusu Tanga, kwamba mwanamume akifika huko harudi kwao, mahaba yamemshika. Keti kwenye baraza la Ngamiani uulize, utapewa mifano papo hapo: fundi aliyetoka bara kwa kazi ya mwezi mmoja, leo ana wajukuu Makorora, dereva wa lori aliyefuata mzigo bandarini akaishia kuoa Chumbageni. Mifano hiyo inaweza kuwa ya kweli yote. Lakini nani anamsimulia yule aliyeshuka kwenye basi asubuhi, akamaliza shughuli zake, jioni akaondoka? Watu wa namna hiyo wapo kila siku, tena wengi, ila hawana kisa, kwa hiyo hawahesabiwi.

Hata waliobaki, usemi umewapa sababu moja tu. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba yake yalivuta vibarua kutoka mbali, wakaitwa manamba. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza hapohapo Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Watu walifuata kazi, wengine wakabaki kwa sababu ya kazi. Ila anayejua tayari kwamba ni mahaba haoni haja ya kuuliza zaidi.

Mwaka 1620 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alilieleza jambo hili kwa kisa cha kale. Mtu mmoja alionyeshwa hekaluni picha za watu waliookoka baharini baada ya kuweka nadhiri, akaulizwa kama sasa anakubali nguvu za miungu. Akajibu kwa swali: wako wapi walioweka nadhiri kisha wakazama? Sijui swali linalowagusa watu wa pwani kuliko hilo.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Ni kweli, lakini methali hiyo inahusu moyo, na upendeleo huu hutokea hata pale moyo usipokuwa na lolote la kutetea. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason alichapisha jaribio lake: watu 29 waliambiwa kwamba namba 2, 4, 6 zinafuata kanuni fulani, nao waigundue kwa kutunga namba tatu-tatu na kuambiwa kama zinaafiki. Wengi walidhani ni kuongeza mbili kila mara, wakajaribu mifano kama 8, 10, 12, wakajibiwa ndiyo, wakajiona wamepata. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Ni watu 6 tu walioipata kwa jibu lao la kwanza. Mtu angejaribu 1, 2, 3, dhana ya kuongeza mbili ingeanguka hapohapo. Hakuna aliyependa wala kuchukia namba.

Mahali ambapo jambo hili linanitia uchungu ni tunapowapima watu. Bibi mmoja akishashukiwa mtaani kuwa ni mchawi, kila kitu chake hugeuka ushahidi: akinyamaza, anaficha, akijitetea, kumbe limemgusa, akimletea jirani mgonjwa uji, amekuja kutazama kazi yake. Kinachotakiwa hapo ni kumuuliza kila anayemshuku: bibi huyu angefanya nini ili uamini kwamba hana hatia? Swali liulizwe mapema, kabla mfano wa kumi haujatajwa. Asipoweza kutaja hata kitu kimoja, uji na ukimya wa bibi havikuthibitisha chochote, na bibi aachwe kwa amani.