Jukwaa la majadiliano si grupu la WhatsApp

Kwenye kikao cha wazazi juzi niliambiwa tena: "Mwalimu, si utufungulie tu grupu la WhatsApp, watoto wajadiliane humo?" Walimu wenzangu nao husema hivyo hivyo, na wao ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu darasa wanalijua. Basi naandika, nikiulizwa tena nitume kiungo.

La umri nalipitia haraka. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na watoto wangu wa Gredi ya 5 wana miaka 10 au 11. Nambari ya simu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla hujazishika taarifa za mtoto. Kwenye jukwaa la shule, yaani ukurasa wa mtandaoni wa kujadiliana, mtoto huingia kwa jina tulilompa sisi, simu haihitajiki, na mgeni haingii. Wanaosema vifaa havitoshi: wakae wawili kwa kishikwambi kimoja. Itabidi wakubaliane la kuandika, na hapo mjadala umeshaanza.

Sasa kinachoniudhi. Watu hudhani ukichukua gumzo ukalihamishia Moodle au Google Classroom, programu za kufundishia mtandaoni, tayari una jukwaa. Hata kidogo. Kwenye grupu ujumbe mpya huufukia wa zamani, na mwenye kidole chepesi ndiye anayeongoza. Anayefikiri polepole akifika na hoja yake, wenzake wako kwingine. Jukwaani jibu hukaa chini ya hoja linayoijibu, na kesho utalikuta pale pale. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu. Akivumilia hadi tatu, majibu hurefuka na watoto waliokuwa kimya huanza kusema. Sekunde tatu! Mimi uzi, yaani swali moja na majibu yake, nauacha wazi siku mbili.

Halafu kuna kipengele ambacho karibu kila mwalimu hukiruka: kuficha majibu ya wenzake mpaka mtoto ajibu kwanza. Moodle ina jukwaa la aina hiyo, la maswali na majibu. Ukiliacha wazi, mtoto mmoja hodari ataandika, na darasa zima litamnakili kwa maneno tofauti. Ukificha, unapata mawazo ya darasa zima, pamoja na makosa yao, na makosa hayo ndiyo ninayoyatafuta. Lakini angalia: hata akishaandika, mtoto haoni ya wenzake mpaka muda wa kuhariri upite, na Moodle huja ikiwa imewekewa dakika 30. Kipindi chetu ni dakika 35. Usipolijua hilo utasema mtambo umeharibika. Ama msimamizi apunguze muda huo, ama kipindi kimoja kiwe cha kuandika na kinachofuata cha kusoma na kujibizana. Mimi nataka hiyo njia ya pili, ili walale na hoja zao.

Muhula huu niliuliza kuhusu Mombasa: Nyali kuna daraja, Makupa kuna daraja, mbona Likoni magari yangali yanavuka kwa feri? Mmoja akaandika, "Serikali haina pesa." Chini yake mwenzake: "Ya Makupa ilitoka wapi?" Mwingine akaleta meli za makontena zinazoingia bandari ya Kilindini, kwamba daraja lisiloinuka juu litazizuia. Kisha msichana ambaye darasani hanyooshi mkono akaandika: "Daraja la miguu la Liwatoni lilitengenezwa lifunguke katikati meli zipite. La magari likifunguka hivyo, foleni itafika wapi?" Uzi ule uliendelea mpaka kwenye urefu wa daraja na mahali pa kuanzia mwinuko wake. Sikuwa nimewafundisha hayo.

Swali lenye jibu moja halizai mjadala, usilipeleke huko. Na "nakubaliana nawe" nimeipiga marufuku, pamoja na vidole gumba. Anayejibu ama aulize, ama aongeze jambo, ama apinge na kusema kwa nini.

Lakini yapo yanayonisumbua. Mwalimu akiingilia mapema uzi hufa, kwa kuwa watoto huona jibu sahihi limeshashuka. Akikaa kimya, kosa hukaa siku mbili mbele ya darasa zima, na sina hakika kwamba masahihisho yangu huwafikia wote waliolisoma. Na yule msichana bado hasemi darasani. Sijui kama nimemfungulia mlango au nimempa mahali pazuri pa kujificha. Mchana huwa nasema la kwanza. Usiku nikisahihisha, siko hakika.

Kwa wazazi nina ombi. Msiwaandikie. Sentensi ya mtu mzima naitambua, na mtoto mwenziwe akiisoma hunyamaza kwa kudhani yake haifai. Wiki ijayo tunafungua uzi mpya: kwa nini bamvua, maji makubwa ya bahari, huja mwezi ukiwa mpevu na tena ukiandama, na katikati yake maji huwa mafu, hayajai wala hayatoki sana? Mzazi anayetaka kuufuata aniombe nenosiri la kusoma tu, nitampa. Kama una babu mvuvi nyumbani, mtoto na amuulize, kisha aje aandike kwa maneno yake mwenyewe.